Niliokoka Galu

Neno kuokoka lilikuwako pwani hii kabla Pasta Kombe hajanunua spika. Mtu aliokoka na nyoka shambani, akaokoka na moto wa makuti, akaokoka na mume mlevi, na hakuna aliyemuuliza anasali kanisa gani. Kisha wakaja watu wa spika wakalitwaa, wakalivika tai, wakalifanya lao peke yao. Sasa ukisema umeokoka unapigiwa makofi kabla hujaeleza umeokoka na nini.

Mimi Sidi ni Mkristo. Nalisema mapema, maana nimekwisha kuambiwa na watu wanaoamini kwa sauti kubwa kuliko mimi kwamba sina Roho. Nilibatizwa Matuga, nina stashahada ya ualimu, na nyanya yangu alinifundisha amri kumi kwa Kiduruma kabla sijajua kusoma. Ile ya kutomshuhudia jirani uongo aliirudia kuliko zote, kwa kuwa alikuwa na jirani.

Nilikuwa mwalimu msaidizi katika darasa la Kiingereza la kanisa la Pasta Kombe, pale Ukunda. Kusaidia kwangu kulikuwa ni kufundisha. Mwalimu mwenyewe alikuwa Lewis, kijana wa ng'ambo mwenye ndevu nyekundu na cheti cha mtandaoni cha kuwafundisha Kiingereza watu wasiozaliwa nacho. Kazi yake ilikuwa kutabasamu, kuomba, na kupiga picha. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeambiwa tangu utotoni kwamba akienda mahali, Mungu ndiye anayefika, na hajapata mtu wa kumwambia vinginevyo.

Ukutani palikuwa na kitambaa kirefu cha buluu: TUNAFUNDISHA KIINGEREZA, TUNAISHI YESU. Nilikitazama kila siku kama mtu anayetazama mwiba wake. Mtu huishi Ukunda. Huishi kwa jasho lake. Huishi na mama mkwe wake, akijaaliwa subira. Haishi Yesu. Nilimwambia Pasta Kombe kwamba kitambaa kile kina kosa, akanijibu kuwa mbinguni hakuna sarufi.

"Basi maombi yetu hufika yakiwa hayaeleweki," nilimwambia.

"Mwalimu Sidi," akasema, "you have a problem na mamlaka."

Ndivyo alivyosema, Kiingereza mbele, Kiswahili nyuma, kama punda aliyefungwa nyuma ya mkokoteni. Pasta Kombe amezaliwa pwani hii hii. Mama yake nimewahi kumsikia akizungumza, Kiswahili chake utadhani kimepikwa kwa tui zito. Mwana akakitupa, akajitia ulimi wa mahubiri ya televisheni.

Katika wanafunzi wetu alikuwamo Bi Zainabu wa Waa, mama mtu mzima, mjane. Alfajiri alikaanga sambusa, akazipeleka Galu, akakaa karibu na lango la hoteli moja kuwauzia wafanyakazi na wageni waliotoka kutembea. Alikuja darasani kwa sababu moja: alichoka kusemewa na vijana wa ufuoni, ambao mgeni akiuliza sambusa ina nini ndani, wao humjibu watakalo.

Lakini kwao Waa hakujulikana kwa sambusa. Alijulikana kwa kuosha maiti. Mwanamke akifa huko, kabla hata turubai halijafungwa, mtu ametumwa kwa Bi Zainabu. Aliniambia siku ya kwanza, mimi nikiwa ninatafuna sambusa yake ya pili.

"Mikono ni hii hii, mwalimu. Usitoe macho. Naitia sabuni."

Na habari ya nyani pia alinipa mwenyewe, wakati wa mapumziko, akicheka mpaka mtandio ukamteleza. Nyani dume alitoka kwenye miti ya hoteli, akashika beseni la sambusa upande mmoja, naye akashika upande wa pili. Mtu mwenye akili angeliachia. Bi Zainabu hakuachia. Nyani akamng'ata mkono, chini kidogo ya kiwiko, na angemng'ata kwingine kama mlinzi wa lango, Mzee Ziro, hangekuja na rungu.

"Niliokoka siku ile," akasema akinionyesha kovu. "Wallahi, mwalimu, niliokoka Galu. Na beseni langu nikarudi nalo."

Wiki iliyofuata Lewis alifundisha wakati uliopita. Alitaka kila mmoja asimame aseme jambo moja lililomtokea. Dada mmoja wa hotelini akasema alinunua viatu. Kijana mwingine akasema alienda Mombasa. Lewis akatikisa kichwa kwa kila mmoja kwa furaha, kana kwamba viatu vile alivishona yeye. Zamu ya Bi Zainabu ilipofika, alisimama, akakwama, akageuka kwa Pasta Kombe aliyekuwa amekaa mbele na simu yake.

"Pasta, hili niliokoka, kwa Kizungu ni vipi?"

Pasta hakuuliza uliokoka na nini. Swali la maneno matatu, na mtoto wa chekechea angeliuliza. Aliinua kichwa, macho yakamng'aa, akasema polepole, "I was saved."

Bi Zainabu akanyoosha mgongo. Alikuwa mwanafunzi mwema. Akipewa neno hulishika kwa mikono miwili, kama lile beseni.

"In Galu," akasema, "I was saved."

Lewis aliweka chaki chini. Uso wake wote ukawa mwekundu kama ndevu zake. Akauliza, kwa sauti ya kunong'ona, kama ni kweli. Bi Zainabu akajibu yes, yes, Galu, na akashika mkono wake palepale penye kovu. Lewis akapiga magoti. Kwenye saruji, mtu mzima, akapiga magoti na kuanza kulia, na Pasta Kombe akainua simu kurekodi.

Nilisimama kutoka nyuma. "Mwalimu Lewis, samahani, anachosema Bi Zainabu ni kwamba..."

Pasta Kombe akaanzisha wimbo. Ana sauti kubwa, hilo simnyimi. Darasa zima likaitikia kwa adabu tu, Waislamu kwa Wakristo, kwa sababu mtu akiimba mbele yako na mwingine akilia, hupati pa kuuliza.

Bi Zainabu aliniinamia sikioni. "Kumbe Wazungu wana huruma namna hii, mwalimu? Kwa nyani tu!"

Nilimkuta Pasta barazani baadaye, simu bado mkononi.

"Pasta, yule mama alikuwa anasimulia habari ya nyani."

"Najua," akasema.

Nilidhani sikusikia. "Unajua?"

"Kovu lake nimeliona. Kila mtu ameonyeshwa lile kovu." Hakuinua hata macho. "Sasa kama Mungu alimtumia punda wa Balaamu, atashindwa na nyani?"

"Punda wa Balaamu alisema mwenyewe. Hakuna aliyemtafsiri."

Hapo akaniangalia. "Wageni wa Lewis wanakuja Jumamosi. Watu waliojenga hili paa. Wanataka kuona matunda. Kazi yako ni kufundisha, si kuharibu. Na kama Kiswahili kinakuwasha sana, shule za serikali ziko nyingi."

Mtu asiyejua ukweli unaweza kumhurumia. Huyu aliujua, akaukunja, akauweka mfukoni, akaendelea kunywa soda yake.

Video iliwekwa kwenye ukurasa wa darasa mtandaoni, ikafika Waa kabla ya Alhamisi. Maneno ya Kiswahili chini yake aliyaandika Pasta Kombe mwenyewe: MAMA ZAINABU WA WAA AMEOKOKA, UTUKUFU KWA MUNGU. Ijumaa, baada ya swala, Bi Zainabu alibisha kwenye chumba changu. Hakuwa na beseni. Sikuwa nimewahi kumwona bila beseni; alionekana kama mtu aliyekatwa kitu.

"Shikamoo, Bi Zainabu."

"Marahaba, mwanangu." Akakaa ukingoni mwa kitanda. "Nieleze. Mimi nilisema nini siku ile?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, na Kiingereza chake, na Kiswahili cha Pasta. Alisikiliza bila kupepesa.

"Bi Shutu ni mgonjwa," akasema nilipomaliza. "Wamjua? Shoga yangu wa utotoni. Tumechezwa ngoma ya unyago pamoja, tumezaa mwaka mmoja. Hali tena chakula, ni maji ya kijiko. Alikwisha kusema tangu zamani: Zainabu, mtu asinioshe ila wewe, maana wengine watanitazama. Jana nilikwenda kumkalia. Suleiman, mwanawe, akanizuia mlangoni. Akaniambia, Mama Zainabu, heshima yako iko palepale, lakini mtu aliyetoka katika dini hatamgusa mama yangu, si hai si maiti."

"Ungetoa shahada pale pale, yakaisha."

Akaniangalia kwa jicho ambalo sitalisahau. "Shahada naitoa kila swala. Mungu anaisikia. Lakini nikiitoa mbele ya Suleiman ili anipishe mlangoni, nimekiri kwamba nilitoka. Sikutoka! Nitarejeaje mahali ambapo sikutoka?"

"Basi nitakwenda Waa mimi, nimwambie."

"Wewe u mwalimu wa kanisa. Watasema umetumwa." Akasuguasugua lile kovu. "Nilisema kwa mdomo wangu. Nitalifuta kwa mdomo wangu, mbele ya wale wale. Hiyo kesho wamenialika, si ndiyo? Suleiman nimemwambia aje asikie. Ni mpishi wa hoteli Diani, Kizungu anakijua. Wewe nifundishe tu."

Hivyo nikafundisha. Katika muda wote niliofanya kazi chini ya kile kitambaa cha buluu, nadhani hilo ndilo somo pekee la imani lililofundishwa, na halikuwa na wimbo.

"Kiswahili tunasema nimeokoka na nyani," nikamwambia. "Sasa hiyo na ina hila. Ukiivusha hivi hivi utasema with, na hapo utakuwa umesema umeokoka pamoja na nyani. Wewe na yeye."

Bi Zainabu aliziba mdomo kwa mtandio. "Hapo Pasta atambatiza naye!"

"Atampiga na picha. Kwa hiyo hatusemi with. Tunasema from. Ni neno dogo, lakini ndilo linaloonyesha ulikotolewa."

"Furomu."

"From. Funga midomo mwishoni, usiongeze kitu."

"From." Akalirudia akitazama dirisha. "From. From. Neno dogo kama kisu cha kitunguu."

Nyani kwa Kiingereza lilimsumbua zaidi; alitaka kuniambia bamboo. Tulikaa mpaka jua likageuka upande wa pili wa nyumba, naye akilikariri kama mtoto wa chuo cha Kurani anavyokariri juzuu. Alipoondoka aliliweka tayari mdomoni.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Wageni walikaa mstari wa mbele, wazee wenye kofia za jua na macho mema, watu waliolipa nauli ndefu kuja kuona kwamba wema wao umefika. Sikuwachukia. Ningewachukia kama wangekuwa wanadanganya, lakini walikuwa wanadanganywa tu, na wenyewe walipenda. Lewis alisoma aya, akasema darasa hili ni madhabahu na kila kitenzi ni mbegu. Nikawaza, ukisema jambo lilitokea, na liwe limetokea. Hiyo ndiyo imani yangu ya vitenzi, na haihitaji madhabahu.

Suleiman alisimama mlangoni, kanzu nyeupe, kofia ya kito, mikono nyuma. Hakuingia wala hakukaa.

Pasta Kombe akashika kipaza sauti. "Somebody say Amen! Leo tuna ushuhuda. Mama wetu kutoka Waa, from darkness to light! Mama Zainabu, waambie hawa wageni. What happened in Galu?"

Bi Zainabu alikwenda mbele kwa hatua za mtu anayeingia nyumba ya msiba, bila haraka na bila kutazama pembeni. Akakataa kipaza sauti. Akasema:

"In Galu, I was saved."

Makofi. Mmoja wa wazee akafuta machozi. Bi Zainabu akainua mkono wa kushoto wakanyamaza. Nimewahi kumwona akiwanyamazisha mbwa wa hoteli hivyo hivyo.

"I was saved," akasema tena, na nikaona midomo yake ikijiandaa, "from a baboon."

Kimya kikawa kimya cha namna nyingine. Bibi mmoja wa mstari wa mbele akamwuliza mumewe kwa sauti kama alisikia sawasawa.

Pasta Kombe aliruka na kipaza sauti kama aliyeona moto. Akawaeleza wageni kwa Kiingereza cha haraka kwamba mama anasema kwa mafumbo, watu wa pwani husema kwa mafumbo, nyani maana yake ni Shetani, Ibilisi mwenyewe, yule mnyang'anyi. "The baboon is Satan! Hallelujah!" Kisha kwa Kiswahili, akimwinamia Bi Zainabu na tabasamu la meno tu: "Si ndiyo, mama? Yule nyani alikuwa Shetani?"

Bi Zainabu alikunja mkono wa buibui mpaka kiwikoni, akawaonyesha wote kovu, meno ya juu na meno ya chini.

"Pasta," akasema, "Shetani hali sambusa."

Darasa lote lilipasuka. Wale dada wa hotelini walianguka juu ya mabega ya wenzao. Huko mlangoni nilisikia kicheko kimoja kizito cha mwanamume aliyejaribu kukizuia kikamshinda, na nilipogeuka Suleiman alikuwa ameshika kizingiti.

Lewis alinitafuta kwa macho. Macho ya mtu anayezama. "Sidi," akauliza kwa lugha yake, "amesema nini?"

Pasta Kombe alinitazama pia. Kazi yangu yote ilikuwa ndani ya ule mtazamo.

Nikatafsiri. Neno kwa neno, bila kuongeza chumvi, na sambusa nikaiacha sambusa. Halafu nikamweleza yule mlinzi, na beseni, na rungu. Nikamweleza kwamba huyu ni mama wa Kiislamu, kwamba hakuwahi kusema vinginevyo, na kwamba kwa video ile amezuiwa kumwuguza shoga yake anayekufa. Nikamwambia Pasta alijua.

"Alijua?" Lewis aliuliza.

"Mwulize," nikasema. "Hahitaji mkalimani."

Hakumwuliza. Alitoa simu mfukoni, akaanza kutafuta ile video aifute. Nampa hilo, ingawa ni dogo. Kuna watu ambao hata hilo huwezi kuwapa.

Bi Zainabu alikuwa hajamaliza. Aliwageukia wageni, akatumia Kiingereza chote alichobakiwa nacho. "I am Muslim," akasema. "I learn English. Thank you for the roof." Akateremsha mkono wa buibui, akatoka kwa mlango ule aliosimama Suleiman. Suleiman alimpisha. Kisha akainama, akamwamkia shikamoo, akatangulia kumfungulia mlango wa gari.

Pasta Kombe aliniambia jioni ile ile kwamba huduma yangu imefika mwisho. Alisema huduma. Nikamwambia mtu hafukuzwi kazi kwa neno zuri namna hiyo, aseme nimefutwa. Akaniambia nina kiburi. Ninacho. Nilikitoa kwa nyanya yangu pamoja na zile amri.

Bi Zainabu alinisimulia yaliyoendelea Waa. Alifika akamkuta Bi Shutu macho, akamsimulia yote tangu nyani hadi Shetani, na mgonjwa ambaye alikuwa hasemi akacheka mpaka wakamwinua asipaliwe.

"Akaniambia, Zainabu, siku ukiniosha usinisimulie habari hii. Nitacheka juu ya kitanda, watu wakimbie."

Bi Shutu alifariki siku chache baadaye, asubuhi. Suleiman alimtuma mtu kwa Bi Zainabu kabla turubai halijafungwa. Mimi nilikwenda mazikoni, nikajifunga leso kichwani, nikakaa na wanawake uani. Nyuma ya pazia la kanga tulisikia maji yakimiminwa kwa kata, polepole, na sauti ya Bi Zainabu ikiwaelekeza wenzake: geuza, taratibu, leta karafuu maiti. Hakuna aliyeuliza kitu. Harufu ya udi ilipita juu yetu.

Alipotoka mikono ilikuwa bado imelowa. Alikaa karibu nami kwenye mkeka, akaikausha kwa upande wa kanga yake, kidole kwa kidole.

"Umemsimulia?" nikamwuliza kwa sauti ya chini.

"Aliniomba nisimsimulie. Nimemwambia lile neno moja tu, sikioni. From."

Jumapili iliyofuata, nasikia, Pasta Kombe alihubiri. Kichwa cha mahubiri kilikuwa Nyani wa Galu. Watu walisema Amen.